Mji Umepimwa kwa Punda

Jamani, aliyeujenga mji wa Lamu hakumfikiria mgeni mwenye begi la magurudumu. Alimfikiria punda. Punda akibeba mifuko miwili ya saruji, mmoja kila ubavu, njia imekwisha. Wewe bandika mgongo ukutani, vuta tumbo, na ukuta wa matumbawe ukukwaruze kama mbuzi ya nazi. Na ukiinua macho kulitazama wikio, chumba kile kilichovuka juu ya njia, basi mguu ndio utakaojua punda wa mbele alikula nini.

Ngomeni angalau kuna pa kupumua. Ilimalizwa 1821, ikawa jela hadi 1984. Enzi hizo watu waliingizwa bure, tena kwa kusindikizwa. Leo unalipa mlangoni.

Haya, Nyumba ya Waswahili, ile ya makumbusho. Mtu kaja na simu ya macho matatu apige picha ya zidaka, ukuta mzima wa vishubaka vya chokaa. Arudi nyuma zienee. Arudi wapi? Dari la mawe na chokaa limebebwa na boriti za mikoko, na boriti ikipita kama mita 3 inapinda kwa uzito. Ndiyo maana chumba kinarefuka kama behewa, hakipanuki. Piga kwa mshazari, tena mchana, maana mwanga unatoka kiwandani tu (kiwanda cha uani, si cha sabuni).

Lakini hayo yote ni raha ukishaonja magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda. Mgeni anamaliza chai, anasema twende saa nne. Saa nne ya nani? Mkono wa bahari unaopenya mikokoni hadi karibu na magofu unapitika maji yakijaa. Ingia yakiwa yanajaa, tazama msikiti wenye nguzo juu ya kibla, tazama kaburi la mnara, toka kabla hayajapwa. Saa ya jana usiikariri, maana kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Na wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, chombo kizito kinaweza kugusa chini hata yakijaa.

Sasa pana yule wa "picha moja tu ya mwisho" mbele ya mbuyu. Mkirudi, chombo kimeatamia tope kama kuku, nahodha kalala. Kusukuma hakufai, tope linameza hadi goti. Ni kungoja saa kadhaa, na mbu wa mikokoni wanajua mna nafasi. Hapo ndipo inapojulikana nani alibeba maji ya kunywa na nani alibeba simu ya macho matatu.