Orodha ya kina mama haitasaidia

Mwandishi mmoja anashauri mitaa ya wavuvi iwaorodheshe kina mama waliokunywa pombe wakiwa na mimba, eti ili watoto wao walioathiriwa na pombe hiyo tumboni wasaidiwe. Orodha hiyo itawafanya waikimbie kliniki, basi. Wengi hunywa kabla hawajajua kuwa wana mimba. Na aliyezoea gongo kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka hadi kupata degedege. Huyo aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali.

Kazi kubwa iko nyumbani. Huku Igombe, Mwanza, mtoto aliyeathirika akiambiwa "anua dagaa, funga gunia, kisha kamwite baba", atashika la kwanza, mengine yanapotea. Si ukaidi, ubongo haushiki mlolongo. Mpe agizo moja kwa maneno machache, mwonyeshe kwa mkono, amalize ndipo umpe la pili. Alichokijua Jumatatu kinaweza kumtoka Jumatano na kurudi Ijumaa, na hapo ndipo walimu wengi hushika fimbo. Darasani aketi mbele, mbali na mlango na dirisha.

Wala msisubiri dalili za usoni, yaani mdomo wa juu mwembamba na kijifereji cha chini ya pua kilichofutika, wengi hawana. Mama akifika hospitali ya Bugando aseme wazi alikunywa miezi ipi na kiasi gani, maana hakuna kipimo cha damu kitakachomwambia daktari hilo mtoto akishafika miaka saba. Kikundi cha kina mama mtaani nacho kimpangie mama huyo mtu wa kumpokea mtoto walau nusu siku kwa wiki, hasa siku anazokwenda mwaloni kuuza.