Je, Mungu Hughairi? Mabishano ya Baada ya Kesha

Alfajiri moja, baada ya kesha katika kanisa dogo la mabati mtaani Nyalenda, Kisumu, tulikuwa tumeketi kwenye mabenchi tukinywa chai ya rangi, wanawake wawili wakaanza kubishana kwa sauti ya chini. Usiku kucha walikuwa wamemwombea mgonjwa mmoja. Yule mdogo alikuwa amepiga magoti hadi leso yake ikashika vumbi la saruji, akirudia, "Baba, ghairi neno hili." Mwenzake, mama mzee wa kanisa, alifunga kila ombi kwa "mapenzi yako yatimizwe." Sasa yule mzee akauliza, "Binti yangu, kwani Mungu ni chifu, abembelezwe ndipo abadilishe neno?" Akajibiwa, "Mama, basi tumekesha kwa nini?"

Mabishano hayo ni ya kale kuliko kanisa lolote la Kisumu, na kila upande una maandiko yake. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka wa 1952, amezoea kukuta Mungu "akighairi". Katika Kutoka 32, Musa anawaombea Waisraeli waliotengeneza ndama, naye Bwana anaghairi uovu aliosema angewatenda. Katika Amosi 7 nabii anaomba mara mbili, na mara mbili Bwana anaghairi. Lakini Hesabu 23:19 husema kwamba Mungu si mwanadamu, hata ajute. Tukisoma haraka tunaridhika: Mungu hughairi, ila hajuti, maana kughairi ni kuacha ulilokusudia, na kujuta ni kuumia kwa ulilokwisha kulitenda. Tatizo ni kwamba katika Kiebrania kitenzi ni kimoja, naham. Watafsiri walitupunguzia mgongano ambao wasomaji wa kwanza waliuona waziwazi, ingawa hata watafsiri hao hawakuweza kuuficha katika 1 Samweli 15, ambapo Mungu anasema anajuta kumtawaza Sauli katika mstari wa 11, kisha mstari wa 29 unasema hajuti.

Wanaokana kwamba maombi hubadilisha nia ya Mungu hawasemi kwamba maombi ni bure. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba Mungu amepanga matokeo pamoja na njia za kuyafikia, na maombi ni mojawapo ya njia hizo. Tunaomba ili tupokee yale aliyokusudia kuyatoa kwa kuombwa. Mkulima wa mpunga kule Ahero haachi kupanda eti kwa sababu Mungu anayajua mavuno yake tangu milele, wala hadhani kwamba kwa kupanda amemgeuza Mungu. John Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, naye aliyaeleza maneno ya kughairi na kujuta kuwa ni lugha ya kutushukia, kama yaya anavyomsemesha mtoto mchanga kwa sauti ya kitoto.

Hoja hii ina nguvu, lakini ina udhaifu ambao haujadiliwi vya kutosha. Tarehe 14 Februari 2023, nchi ikiwa katika ukame mkali, Rais William Ruto aliongoza maombi ya kitaifa ya mvua katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi. Wenye kejeli walikuwa na la kusema: mvua ya masika kwa kawaida huanza Machi. Mfuasi wa Thomas hatikiswi na kejeli hiyo, kwa kuwa kwake mvua na maombi vyote vilikuwa katika mpango mmoja. Ila mvua isingenyesha, angesema vivyo hivyo. Jibu ambalo haliwezi kukosea kwa namna yoyote halinishawishi sana.

Upande wa pili una Hezekia, mfalme wa Yuda aliyeugua. Nabii Isaya anamwambia atakufa, bila "ikiwa" wala "isipokuwa". Mfalme anageuka ukutani, analia na kuomba, na kabla nabii hajatoka nje ya mji wa katikati neno jipya linamfikia: ameongezewa miaka 15. Waweza kusema, kwa Yeremia 18, kwamba kila onyo la Mungu lina sharti hata lisipotajwa, na huenda ni kweli. Lakini msomaji asiye na mfumo wa kuutetea ataona kwamba machozi yalifanya kitu. Tangu miaka ya 1990, wanateolojia kama Clark Pinnock wa Canada wamelikubali jambo hili hadi mwisho wake: kesho bado iko wazi, hata mbele za Mungu. Gharama ya msimamo huo ni kubwa. Familia iliyoketi kando ya kitanda cha mgonjwa inamtaka Mungu asikie, lakini pia inamtaka awe anaijua kesho.

Tena kuna hatari iliyo karibu nasi zaidi. Maombi yakiwa na uwezo wa kumgeuza Mungu, atatokea mtu wa kudai kwamba ya kwake yanamgeuza haraka zaidi, na punde nambari ya M-Pesa ya "kupanda mbegu" itasomwa madhabahuni. Hilo halithibitishi kwamba mafundisho hayo ni ya uongo, lakini linaeleza ukali wa yule mama mzee.

Hapa kwetu magharibi kuna kanisa lililochukua jina la Ninawi, mji ambao katika kitabu cha Yona Mungu alighairi kuuangamiza: African Israel Nineveh Church, lililoanzishwa mwaka wa 1942 na Zakayo Kivuli katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Vihiga. Ninawi ndiko ninakoona njia ya kutokea. Mfalme wake hatangazi kwamba Mungu atageuka, anavaa gunia, anawafungisha watu na mifugo, kisha anasema, "Ni nani ajuaye?" Daudi, mtoto wake akiwa mahututi, alifunga na kulala chini kwa sababu iyo hiyo: ni nani ajuaye kwamba Bwana atamhurumia? Ninawi ulipona. Mtoto wa Daudi akafa siku ya saba, naye Daudi akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana, akasujudu.

Maneno ni yale yale na matokeo ni mawili, na katika kisa chochote kati ya hivyo mwombaji hakuambiwa mapema kama Mungu angeghairi. Anayejua kwa hakika kwamba Mungu atageuka angekuwa anaamuru, si kuomba. Na anayejua kwa hakika kwamba hageuki asingejisumbua kulala chini siku saba. Ndiyo maana sioni kwamba wale wanawake wa Nyalenda walikuwa na sala mbili zinazopingana. Gethsemane, Yesu aliomba kikombe kimwepuke, na kabla hajanyamaza akaongeza kwamba yawe mapenzi ya Baba. Kikombe hakikumwepuka, naye alirudi kuomba mara ya pili na ya tatu kwa maneno yale yale.