Rais kasema, lakini GN (Tangazo la Serikali) inasemaje?

Nimekulia Mbeya, na huku kwetu msafara wa rais ukipita barabara kuu ya TANZAM shughuli zinasimama. Kuanzia Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi mpaka Uyole unakuta watu wamejipanga na mabango, mmoja kaandika habari ya maji, mwingine shamba lake limechukuliwa, mwingine mafao ya marehemu baba yake mwaka wa sita hayajalipwa. Rais anasimama, anapewa kipaza sauti, anasoma bango moja, anamwita mkuu wa mkoa pale pale barabarani anamwuliza, halafu anatamka. Watu wanashangilia, na mi mwenyewe nimeshashangilia zaidi ya mara moja. Ninachotaka tujadili ni hiki: lile tamko, msafara ukishaondoka na vumbi likitulia, linakuwa nini? Ni amri, ni ahadi, au ni sera?

Kuna wanaosema rais aseme tu, tena aseme zaidi, na hoja yao ina uzito. Ofisi zetu tunazijua. Faili linalala kwa afisa miaka minne, ukienda unaambiwa njoo kesho, kesho ukirudi yuko semina Dodoma. Rais akitamka tu, jioni ile ile unapigiwa simu, njoo na viambatanisho vyako. Kwa mtu aliyezungushwa miaka yote hiyo huwezi kumwambia kwamba utaratibu ni muhimu kuliko tamko, atakuona humtakii mema. Na Katiba yenyewe, ibara ya 37(1), inasema rais yuko huru, halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Kwa hiyo nguvu anayo kweli, sio kwamba anaikwapua.

Mfano mzuri kwa upande huu ni Nane Nane ya 2022. Kitaifa ilifanyika hapa hapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, na Agosti 8 Rais Samia akazindua ruzuku ya mbolea. Kumbuka hali ilivyokuwa, vita ya Ukraine ilikuwa imeongeza moto kwenye bei, mfuko wa DAP umefika kwenye 131,000, urea 124,000, watu wa Mbozi na Ileje wengine walishasema msimu huu tunapanda hivi hivi. Zote mbili zikatangazwa elfu 70. Lakini angalia kilichokuja pamoja na maneno: bei iliandikwa kwa kila aina ya mbolea, TFRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti mbolea, wakapewa kusimamia, mkulima akaandikishwa kijijini kwake akapewa namba, na hela ilikuwa kwenye bajeti. Matatizo yalikuwepo, tena mengi. Mama yangu mdogo alipanga foleni siku mbili kwa wakala na siku ya kwanza akarudi mikono mitupu, mawakala wamejazana mjini, kijijini hamna, mfumo unagoma na huku mvua imeshaanza. Ila alikuwa na kitu cha kudai. Bei inajulikana, namba anayo kwenye simu, mtu akimwambia toa elfu 85 anajua anaibiwa na anajua pa kwenda kulalamika.

Sasa twende Usangu, bonde la mpunga wilayani Mbarali hapa hapa Mbeya, maana huko ndiko jambo hili linaniumiza.

Mwaka 2008 lilitoka Tangazo la Serikali namba 28, GN 28 kama watu wa Mbarali wanavyoliita, na hakuna mtu kule asiyelijua hata mtoto wa shule. Tangazo hilo lilichukua bonde la Usangu likaliingiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hifadhi ikawa zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na vijiji vikajikuta viko ndani ya mipaka. Watu wakaendelea kulima mpunga na kufuga kwa wasiwasi, leo wanasikia hili kesho lile. Januari 2019 Rais Magufuli akatamka kwamba zoezi la kuondoa vijiji vilivyomo kwenye maeneo ya hifadhi nchi nzima lisimame, akaunda kamati ya mawaziri ipitie upya. Jamani, ile siku nilikuwa kwa mjomba wangu anayelima mpunga kule, watu walilia kwa furaha. Kilichosikika kijijini ni kwamba rais kasema hatuhami, basi. Habari ya kamati hakuna aliyeishika.

Na kamati kweli ilifanya kazi, tuwe wakweli. Kati ya vijiji 975 vilivyokuwa na mgogoro, 920 vikaambiwa vibaki. Hiyo ni hatua kubwa sana na bila lile tamko sidhani kama ingefikiwa. Lakini 920 sio 975. Oktoba 2022 akaja Waziri wa Ardhi wa wakati ule, Angeline Mabula, akatangaza Mbarali kwamba vijiji 5 na vitongoji kadhaa vinatakiwa kuondoka. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2023, likatoka tangazo jingine la mipaka ya hifadhi, GN 754. Mtu aliyekuwa amejenga nyumba ya bati baada ya 2019 kwa sababu rais kasema, leo anashika nini mkononi? Video ya hotuba kwenye simu. Watu walienda mpaka mahakamani, wengine malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia iliyokuwa inafadhili mradi wa REGROW wa kukuza utalii kwenye hifadhi za kusini, benki ikasitisha fedha Aprili 2024 na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa kabisa.

Sisemi kwamba serikali haina hoja kule, inayo. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima, ila tangu miaka ya 90 mwanzoni unakauka kila kiangazi ndani ya hifadhi, na maji hayo ndiyo yanaenda kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu na yakitoka hapo yanaelekea bwawa la Nyerere. Mwishoni mwa 2022 tulikaa gizani kwa mgao wa umeme, tunakumbuka. Kwa hiyo anayesema Usangu ilindwe hajakosea, na anayesema mkulima wa Mbarali asifanywe mkimbizi kwenye ardhi aliyozaliwa naye hajakosea. Ndio maana jambo kama hili linataka ramani, vigingi, fidia na maandishi, kwa sababu hotuba ya dakika kumi haina nafasi ya kubeba yote hayo na msikilizaji anaondoka na lile sentensi moja alilokuwa analisubiri.

Kuna upande mwingine ambao wengi hatuuzungumzii, tamko linaweza kukuumiza kwa kasi ile ile linavyokusaidia. Juni 2017 Waziri Mkuu Majaliwa alipiga marufuku kupeleka mahindi nje, kwenye Baraza la Eid kule Moshi. Nia ilikuwa chakula kisipungue nchini, naelewa. Lakini sisi wa nyanda za juu tulikuwa tunavuna, malori yako mpakani Tunduma, na bei ikaporomoka mpaka mtu anauza mahindi hayarudishi hata hela ya mbolea. Mwezi huo huo Rais Magufuli alitamka akiwa Chalinze kwamba mwanafunzi aliyejifungua hatarudi shule za serikali. Kanuni za kufukuza zilikuwepo kabla yake, ila baada ya pale hakuna mwalimu mkuu aliyethubutu kumpokea binti. Mpaka Novemba 2021 ndipo Wizara ya Elimu ikatoa waraka wa kuwarudisha. Miaka minne na zaidi, fikiria binti wa Rungwe aliyekuwa kidato cha pili 2017, waraka unamkuta ana umri gani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba rais aendelee kusimama barabarani na kusikiliza, hilo tusiliue, ila ndani ya muda unaojulikana, tuseme miezi mitatu, kila tamko litolewe kwa maandishi na libandikwe ofisi ya kijiji: limekuwa waraka gani, GN gani, fungu gani la bajeti, na kama limeshindikana waseme limeshindikana. Hela ya umma yenyewe haiwezi kutoka bila sheria, ibara ya 136 iko wazi, sasa mwananchi wa kawaida atajuaje kwamba kisima alichoahidiwa kimeingia kwenye mafungu au hakijaingia?

Mjomba nilimpigia wiki iliyopita. Mpunga umekubali mwaka huu. Matofali ya chumba cha tatu ameshachoma, yamekaa uani kafunika na turubai, anasema hawezi kuanza kujenga mpaka mtu amletee karatasi inayoonyesha nyumba yake iko upande gani wa mpaka.