Tundu kwenye boneti: upepo wa Dodoma unaongeza nguvu ya gari?

Mwezi uliopita nilimkuta jamaa yangu kwenye gereji moja ya Kizota. Boneti ya gari lake ilikuwa imelazwa juu ya matairi mawili, na fundi alikuwa na chaki mkononi, anachora mstatili. Gari lenyewe ni Toyota Altezza ya nguvu ya farasi 160, petroli, haina turbo, yaani pampu ya kusukumia hewa kwenye injini. "Kaka, tukitoboa hapa upepo unaingia wenyewe," akaniambia. "Ukiikamata barabara ya Singida, injini inashiba." Nikamwomba fundi aweke chaki chini kwanza, tukabishana mpaka chai ikapoa.

Anachosema si uongo. Kila gramu ya petroli inayoungua inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa, na kuongeza petroli ni kazi rahisi. Hewa ndiyo ngumu kuipata. Gari likikimbia, hewa iliyo mbele yake inagandamizwa, na ukielekeza mdomo wa bomba huko, mgandamizo ule unaingia hadi kwenye injini. Magari ya mashindano ya Formula 1 yana tundu la hewa juu ya kichwa cha dereva. Kawasaki walipotoa pikipiki ya ZX-14R ya 2012, walitangaza farasi 200 ikiwa imesimama na 210 upepo unapoingia kwa kasi. Kwa hiyo jambo lipo. Swali ni linaanzia mwendo gani.

Mgandamizo huo hukua kwa mraba wa mwendo. Ukienda mara mbili, unapata mara nne. Wauzaji wa vifaa hupenda kutaja upande huo tu, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Upande wa pili ni kwamba mwendo ukiwa mdogo, unachopata hakipimiki. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Nilipiga hesabu kwa mchana wa nyuzi 28. Kwenye kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wetu kisheria kwenye makazi, upepo wote ukiingia bila kupotea hata kidogo njiani, unaongeza hewa kwa sehemu moja tu katika elfu. Kwenye 100 ni chini ya nusu ya asilimia. Lazima ufike 160 ndipo uone asilimia moja na ushee, na hapo matuta na punda wa Bahi watakuwa na lao la kusema.

Altezza ile ikiwa kwenye 100, basi, itapata pungufu ya farasi mmoja. Wakati huohuo, kwa kupanda tu kutoka Dar es Salaam hadi hapa, injini isiyo na turbo imeshanyang'anywa zaidi ya asilimia 10 ya hewa yake.

"Nusu asilimia nayo ni nusu asilimia," jamaa akasema. Hapana, hata hiyo haipatikani kila wakati. Kwenye njia ya hewa kuna kile kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Ukiwa unatembea kawaida kuelekea Manyoni, kisahani kimefunguka kidogo tu; wewe mwenyewe, kwa mguu wako, unaizuia hewa isiingie yote. Kuisukuma zaidi kwa nje hakuna maana, utaishia kulegeza mguu kidogo ili mwendo ubaki uleule. Faida inaonekana pale tu unapokanyaga mpaka chini, na kwa mwendo mkubwa.

Kuna mahali ambapo nilimkubalia bila kinyongo: joto. Hewa ya chini ya boneti, ukiwa kwenye foleni au baada ya kupanda mlima kwa gia ndogo, inaweza kufika nyuzi 60. Ya nje ni 30. Kila nyuzi tatu zinazopungua zinaongeza uzito wa hewa kwa karibu asilimia moja, kwa hiyo tofauti hiyo ni kama asilimia 10. Ni mara ishirini ya ule msukumo tuliokuwa tunaugombania, ingawa gari likishachanganya joto lile hupungua lenyewe. Wanaoapa kwamba gari liliamka baada ya kutoboa boneti, wengine wao wako sahihi kuhusu walichokihisi; wamekosea sababu tu. Wengine, naona, wamesikia mlio.

Lakini watengenezaji nao walilijua hilo la joto. Magari mengi yametoka kiwandani na bomba la plastiki linalovuta hewa kutoka nyuma ya grili au pembeni ndani ya fenda. Tukainama kuangalia la Altezza. Halipo! Kopo la filta lilikuwa wazi, linavuta pumzi ya rejeta. Sikushangaa sana, maana langu pia liliwahi kwenda gereji kubadilishwa betri likarudi bila bomba hilo, na bolti zake mbili hazikuonekana tena. Mafundi hulitoa ili mkono upite, halafu linabaki chini ya benchi.

Tundu la boneti lina gharama zake hapa kwetu. Kiangazi, ukiwa nyuma ya lori kwenye njia ya vumbi, mdomo unaotazama mbele unameza kila kitu. Filta inaziba mapema, na filta iliyoziba inakunyima hewa zaidi ya upepo utakayokuletea. Vumbi laini likipenya, linakwangua silinda, na mwisho gari linaanza kula oili. Madereva wa Land Cruiser wenye lile bomba refu pembeni ya kioo wanalijua hili: wakienda kwa msafara, wengine hugeuza mdomo wake utazame nyuma. Wanauacha upepo kwa makusudi ili wapate hewa safi.

Jamaa akanionyesha Subaru Forester ya jirani yenye tundu kubwa. Tundu la Forester ya turbo halipeleki hewa kwenye filta, linapoza intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, kilicholala juu ya injini. Pontiac nao, kampuni ya magari ya Marekani walioanza kuuza tundu la hewa kwa jina la Ram Air miaka ya 1960, faida kubwa waliyompa mteja barabarani ilikuwa hewa baridi.

Asiyeamini apime. Mashine ya gereji ya kupimia nguvu haitamsaidia, kwa sababu hapo gari limesimama. Chukua ule mpira mweupe ambao mafundi ujenzi hupimia usawa, ukunje kama herufi U, tia maji yenye rangi. Ncha moja iunge kati ya filta na kile kisahani, kamwe si baada yake, injini itayanywa maji. Ncha nyingine ibaki ndani ya gari, vioo vimefungwa, abiria ndiye asome. Kwenye 100, upepo wote ukifika salama, pande mbili za maji zitatofautiana kama sentimita nne. Maji yakivutwa kuelekea kwenye injini, ujue filta na mabomba vinazuia kuliko upepo unavyosukuma.

Bomba tulilipata kwenye duka la spea za mtumba, pamoja na bolti. Tundu bado analitaka, kwa urembo. Nimemwambia abandike la plastiki lisilotoboa.