Jina limehifadhiwa, ila na nani?

Ijumaa ya Machi 12, 2021, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimama mbele ya waumini mjini Njombe akawahakikishia Watanzania kwamba Rais John Magufuli ni mzima na anaendelea na kazi. Rais alikuwa hajaonekana hadharani tangu Februari 27. Usiku wa Machi 17, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba Magufuli amefariki katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam. Katika siku hizo watu kadhaa walishakamatwa kwa kusambaza mtandaoni kwamba rais anaumwa, na viongozi walishawakumbusha wananchi kuwa ipo sheria ya makosa ya mtandao.

Waliosema anaumwa huku wakitumia majina yao kamili walikuwa wachache, na waliosikika zaidi kati yao walikuwa nje ya nchi. Tundu Lissu wa upinzani, kwa mfano, alikuwa Ubelgiji. Ndani ya nchi maneno yalitembea kwa akaunti zisizo na sura, maarufu kuliko zote miaka ile ikiwa ni ile ya Kigogo kule Twitter, ambayo sasa ni X. Ukizirudia zile posti leo utakuta mchanganyiko mtupu. Kwamba rais hayuko ofisini, kweli. Kwamba hali si nzuri, kweli. Lakini mara yuko Nairobi, mara kahamishiwa India, mara keshakufa siku nyingi tunafichwa. Yaliyothibitika uongo hayakuombewa radhi na mtu, maana asiye na jina akikosea hana cha kupoteza.

Upo ubishi wa kama mtu aruhusiwe kuandika mtandaoni bila jina lake, na wiki ile inatosha kwa pande zote mbili. Anayetetea haki ya kujificha atakuonyesha kwamba taarifa ya kweli ilitoka kwa wasiojulikana wakati mwenye cheo akisema jingine. Anayetaka kila mtu aandike kwa jina lake atakuonyesha ule uongo uliosafiri gari moja na ukweli, bila njia ya kuvitenganisha. Wote wawili wana hoja, na mimi sitajifanya niko katikati kabisa. Lakini kabla sijasema nilipo, nianze na upande ambao sisi tunaopenda uhuru wa kusema huwa tunaupita haraka.

Hoja nzito ya wanaotaka majina haitoki kwa mawaziri. Inatoka kwa binti wa chuo. Kagombana na mpenzi wake, na video aliyorekodiwa kwa kuaminiana inaingia kwenye magrupu ya Telegram siku hiyohiyo. Huko chini swali ni moja tu: nani ana konekshen, yaani njia ya kuipata video yenyewe? Atakayeuliza hivyo anaitwa "user" na tarakimu saba, picha yake ni ya gari au ya mchezaji wa Arsenal. Binti yeye ametajwa jina lake lote, chuo, kozi, mtaa anaokaa, na kuna siku namba yake ya simu inawekwa pia ili wenye hamu wampigie. Ataanza kupigiwa usiku. Mama yake ataonyeshwa na jirani. Mwambie huyu kwamba kujificha mtandaoni ni nguzo ya demokrasia, uone atakavyokutazama.

Kinachonisumbua hapa ni kwamba jamii yetu si mgeni wa maneno makali. Pwani nzima inajua mipasho. Lakini mpasho ulikuwa na utaratibu wake: mwimbaji wa taarabu yuko jukwaani, sura anaionyesha, sauti ni yake, anayepigwa kijembe ndiye asiyetajwa. Mwanamke aliyejifunga kanga yenye neno la kumchoma jirani anatoka nayo mlangoni mchana kweupe. Msemaji anajulikana, msemwa anafichwa, na yule msemwa akitaka kujitokeza na kusema "ni mimi" hiyo shauri yake. Mtandaoni tumegeuza chini juu. Anayesema kajificha, anayesemwa kavuliwa nguo. Kwa hiyo mtu mzima akisema zamani tulikuwa na ustaarabu wa kutukanana, msimcheke. Ana kitu anakikumbuka, na kipo.

Sasa, dawa yake ni majina? Korea Kusini waliijaribu dawa hiyo kwa dhati kuliko nchi nyingi. Mwaka 2007 walipitisha sharti kwamba tovuti kubwa, kwanza zenye wageni zaidi ya 300,000 kwa siku, zihakiki mtu kwa namba yake ya usajili wa kitaifa kabla hajaandika neno. Oktoba 2008, sharti likiwa tayari linatumika, mwigizaji maarufu Choi Jin-sil alijiua baada ya kuandamwa na uvumi mtandaoni. Serikali ikaona tatizo ni kwamba wavu una matundu makubwa, ikateremsha kiwango hadi wageni 100,000. Julai 2011 wadukuzi wakavamia mitandao ya Nate na Cyworld na kuondoka na taarifa za watu wapatao milioni 35, katika nchi yenye watu kama milioni 50. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria kwa kauli moja. Sehemu ya hoja yake ni kwamba hakukuwa na ushahidi wa kuridhisha kuwa matusi na uchochezi vimepungua, ilhali hasara kwa uhuru wa kusema ilionekana wazi.

Wala hatuhitaji kwenda Seoul. Tanzania tuliambiwa tusajili laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA, na Januari 20, 2020 ikawa mwisho. Watu walipanga foleni kwenye ofisi za NIDA kuanzia alfajiri. Tuliambiwa utapeli sasa basi. Mwaka gani umepita tangu hapo bila kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..."? TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wenyewe wametoa namba 15040 ya kuwatumia ujumbe wa matapeli, kwa hiyo tatizo wanalijua. Kila laini inayotuma ujumbe ule imesajiliwa kwa kidole cha mtu, iwe ni cha tapeli mwenyewe au cha bibi wa watu aliyesajiliwa laini tatu akidhani anasajili moja.

Na adabu? Fungua kundi la WhatsApp la ukoo wako wakati wa kugawana michango ya harusi. Kila mmoja anajulikana, jina, namba, baba yake nani. Matusi yaliyomo humo ningeona aibu kuyaandika hapa. Fungua posti ya mwanasiasa yeyote Facebook usome komenti: watu wametukana kwa majina ya ubatizo, na picha ya profaili wamembeba mtoto. Kinachopunguza matusi, kwa nilivyoona, ni admin mwenye msimamo. Kundi lenye mtu wa kusema "futa hiyo au utoke", na akatoa kweli, linatulia hata kama nusu ya wanakundi wanajiita majina ya wanyama. Kazi hiyo inachosha, hailipwi, na kampuni kubwa za mitandao hazipendi kuwalipa wanaojua Kiswahili vya kutosha kuifanya. Jina la kweli halijawahi kuifanya kwa niaba yao.

Kuna jambo naona ubishi huu hauligusi. Tunabishana kana kwamba mtandaoni mtu amejificha dhidi ya kila mtu kwa kipimo kimoja. Sivyo. Laini yako ina kidole chako. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo ikiwataka hata wanaotumia VPN, kifaa ambacho kazi yake hasa ni kuficha, wajitambulishe kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa dola, wengi wetu tuko uchi. Tumefichika kwa jirani, kwa mwajiri, kwa mume aliyeachwa, na kwa yule binti wa konekshen ambaye hana kidole cha mtu yeyote mkononi. Yaani utaratibu tulionao umempa siri anayemdhalilisha mtu mdogo, na umemnyima siri anayemsema mtu mkubwa. Kama ungeamua kuupanga makusudi uwe kinyume cha haki, sidhani kama ungeupanga vizuri zaidi.

Tazama Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 23 kinakataza unyanyasaji wa mtandaoni, na ni kifungu kizuri. Kifungu cha 32 kinampa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi kama yake, mamlaka ya kumwamuru mtu yeyote mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi. Hakimu hayumo kwenye hatua hiyo. Desemba 13, 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama walioandika, kwa majina ya bandia, tuhuma za ufisadi dhidi ya kampuni. Alishtakiwa kwa kuzuia upelelezi. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia hatiani katika mojawapo ya kesi alizofunguliwa: faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja.

Upande wa serikali una la kusema hapo, na si la kupuuzwa. Mpelelezi anayemfuata mtu anayewawinda watoto hawezi kungoja. Kila saa inayopita ushahidi unafutwa. Kampuni iliyochafuliwa nayo ina haki ya kumjua aliyeichafua ili imshtaki. Mtu akitoa tuhuma za uongo kuhusu mafuta yako au benki yako, wateja hawangoji uthibitisho, wanaondoka. Hayo nayakubali yote. Swali langu ni kwa nini mwenye kuamua kwamba tuhuma hizi ni uchafuzi na zile ni taarifa za raia mwema awe ni mtu yuleyule anayepeleleza, na wakati mwingine bosi wake ndiye anayetuhumiwa.

Si swali la darasani. Juni 7, 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mtandaoni, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay, Kenya, akasafirishwa hadi Nairobi kwa sababu ya maandishi ya X yaliyomhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani ndani ya selo. Uchunguzi wa mwili ulikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini, na wanapatholojia hawakuyaona kama ya mtu aliyejigonga. Mlalamikaji alikuwa polisi, waliomtafuta polisi, waliomkamata polisi, na selo ni ya polisi. Baada ya hapo ukimwambia kijana wa Nairobi kwamba mtu mkweli haogopi kuandika jina lake, atakuuliza umelala wapi mwaka huo.

Huku kwetu magazeti yalikuwa na njia yao, na hata leo inatumika. Barua ya msomaji inachapishwa, chini yake imeandikwa "jina limehifadhiwa". Msomaji hajui nani kaandika. Mhariri anajua. Akiona barua ni ya kumaliza ugomvi wa shamba anaitupa kapuni, na ikileta kesi, ni yeye anayesimama kizimbani. Naipenda njia hii kwa kuwa inakubali vitu viwili kwa pamoja: kwamba mtu anaweza kuwa na sababu nzuri ya kujificha, na kwamba lazima awepo mtu mmoja wa kujibu. Udhaifu wake ni huyohuyo mhariri. Ukimbana yeye umewapata wote, na Melo alibanwa hivyo. Ndiyo maana nasema mtunza jina asiachiwe peke yake na mwenye bunduki. Pawe na hakimu katikati, anayeelezwa kosa ni lipi, nani kalalamika, na kwa nini bila jina hilo upelelezi hauendi. Hakimu wanaweza kumshinikiza pia, najua. Lakini amri ya hakimu inaandikwa, ina namba, inakatiwa rufaa. Amri ya kituo inakuja na Land Cruiser.

Mtu ataniuliza: na yule binti? Akangoje hakimu wakati video inazunguka? Hili ndilo pingamizi lililonipa kazi zaidi, na nimegundua linachanganya mahitaji mawili. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo chochote cha polisi ukasikilize swali la kwanza analoulizwa binti kama huyo: unamjua aliyeposti? Akisema hamjui, shauri linapoa. Lakini yeye saa ile hakuja kutafuta jina. Alikuja video itoke. Na kuitoa video hakuhitaji kumjua aliyeiweka. Kunahitaji mtu wa upande wa kampuni anayepokea malalamiko kwa Kiswahili, na sheria inayomlazimisha ajibu kwa saa, si kwa wiki. Hapo haki ya faragha ya mtu yeyote haiguswi, maana picha inaondolewa na akaunti inafungwa huku mwenye akaunti akibaki bila jina. Jina lifuate baadaye, kwa hakimu, kwa ajili ya kesi. TCRA imeonyesha mara nyingi kwamba ina uwezo wa kuwasimamisha watoa maudhui pale inapoona mkubwa amevunjiwa heshima, na Mei 2025 mtandao wa X ulizimwa nchi nzima. Mkono huo huo, ukitaka, unaweza kupiga simu Telegram kwa ajili ya mwanafunzi.