Vilabu vya vijana wa Kiyahudi sio ofisi ya kutafutia watu wachumba

Mjadala wa vilabu vya vijana wa Kiyahudi huko Marekani ukianza tu, haichukui muda utasikia namba moja, asilimia 72. Ni ya utafiti wa 2020 wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, inasema ukiwaweka pembeni Wayahudi wa Orthodox, wale wanaoshika sheria za dini kwa ukali, basi kati ya waliofunga ndoa kuanzia 2010, 72 kwa mia wameoa au kuolewa na mtu asiye Myahudi. Wazee wakiiona wanashtuka, wanasema ndo maana tunachangia hela vilabu kama BBYO, USY, NFTY na wenzao, ili watoto wakutane wenyewe kwa wenyewe. Wakosoaji nao wanaichukua hiyohiyo, wanasema kumbe mradi wote ni wa kuozesha watoto ndani ya kabila, dini ni kisingizio, na hata hiyo kazi yenyewe imewashinda.

Jamani, pande zote mbili hapo zinampima mtoto wa miaka kumi na tano kwa ndoa atakayokuja kufunga akiwa na thelathini! Hiyo namba inakwambia nani kaoa wapi, basi. Haikwambii nani Ijumaa jioni anawasha mishumaa ya Sabato nyumbani, haikwambii nani anamfundisha mwanae baraka za Kiebrania, na Pew haohao walikuta kwamba waliozaliwa kwenye ndoa mchanganyiko, wale wa umri mdogo wanajiita Wayahudi kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wale wenye umri mkubwa. Sasa kama mtoto wa ndoa hiyo anaendelea kujiita Myahudi, na wazazi wake mmojawapo alikulia kwenye hivi vilabu, utasemaje kilabu kilishindwa?

Chukua lililotokea Desemba 2014 kule Atlanta, kwenye mkutano mkuu wa USY, kilabu cha vijana wa Conservative, madhehebu ya Kiyahudi ya katikati, yasiyo makali kama Orthodox. Kulikuwa na kanuni kwamba kiongozi wa kitaifa asiwe na mpenzi asiye Myahudi. Vijana wenyewe, wa sekondari, walikaa wakaijadili wakapiga kura kuibadilisha, wakaandika kwamba viongozi wajitahidi kuwa mfano wa mahusiano mema ya Kiyahudi, watambue umuhimu wa kuchumbiana ndani ya jumuiya, na wamtendee kila mtu kama aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, watu wakasema vijana wamesalimu amri. Sawa, hofu yao naielewa, jumuiya iliyopoteza watu milioni sita ndani ya miaka michache mikononi mwa Wanazi ina kila sababu ya kuhesabu watu wake, na hilo asilichukulie mtu kirahisi. Ila soma hayo maneno tena. Watoto hao hawakuwa na fikra ya kukimbia dini, walichukua neno la kitabu cha Mwanzo wakalitumia kujibu swali la maisha yao, na hicho ndicho walimu wao walikuwa wanawafundisha miaka yote.

Na hii tabia ya kuwaachia vijana usukani haikuanza juzi. BBYO chimbuko lake ni Omaha, Nebraska, kwenye miaka ya 1923 na 1924, vijana wa kiume wa Kiyahudi walikuwa hawakubaliwi kwenye vyama vya wanafunzi wenzao, wakaanzisha cha kwao, AZA, na cha wasichana BBG kikaja 1944. Mpaka leo tawi linaongozwa na kijana aliyechaguliwa na wenzake, wa kiume anaitwa Godol, wa kike N'siah, ndo wanaopanga ratiba, ndo wanaosimamisha ibada. Jumamosi usiku Sabato ikiisha wanasimama duara, mikono mabegani, mmoja kashika mshumaa uliosukwa wenye tambi kadhaa, kopo la viungo linapita mkono kwa mkono kila mtu ananusa karafuu na mdalasini, halafu mshumaa unazimwa kwenye divai. Mtoto ambaye nyumbani kwao hawajawahi kufanya hivyo anajifunzia hapo, tena kwa mwenzie wa darasa la juu yake, sio kwa mzee.

Ukitaka kuona vijana wanaweza kubeba nini, huna haja ya kwenda mbali, nenda Mbale, Uganda, kwa Abayudaya, Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Amin aliwapiga marufuku wasiabudu, wengi wakahamia Ukristo na Uislamu, wakabaki kama mia tatu hivi. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 mikononi mwa jeshi la Tanzania na wenzao wa Uganda, ilikuwa mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi. Walioinua upya jumuiya miaka ya themanini walikuwa vijana, walirudi kilima cha Nabugoye wakaishi pamoja wakaita kibutsi, yaani kijiji cha ujamaa kama vile vya Israel, wakajifunza sala na nyimbo. Gershom Sizomu alikuwa mmoja wao, 2008 akawa rabi baada ya kusoma Los Angeles, 2016 akaingia bungeni. Hapo hakukuwa na bajeti ya wafadhili wala utafiti wa ndoa.

Sasa lawama za kweli zipo na zisifunikwe. Mwaka 2000 gazeti la The Jewish Week la New York lilifichua kuwa rabi mmoja kiongozi wa NCSY, kilabu cha vijana wa Orthodox, alikuwa amenyanyasa vijana kwa miaka mingi huku malalamiko yakipuuzwa, na 2002 akatiwa hatiani mahakamani. Kijana akipewa uongozi bila mtu mzima anayewajibika na bila pa kulalamikia, hiyo sio imani kwa vijana, ni kuwatelekeza. Kuhusu Israel nako, wapo vijana wanaosema safari za vilabu za kwenda huko na masomo yake yanaonyesha upande mmoja tu na Wapalestina hawaonekani, na kwa maoni yangu wanaouliza hivyo wasionekane wasaliti, wapewe nafasi ya kuuliza kwenye vilabu vyao vyenyewe kama wale wa Atlanta walivyopewa. Halafu kuna bei, kambi ya kiangazi inaweza kula maelfu ya dola kwa mtoto mmoja, kwa hiyo anayebaki nje mara nyingi ni yule ambaye wazazi wake hawana hela au wako mji mdogo wenye familia tatu tu za Kiyahudi, yaani huyohuyo mwenye uhitaji mkubwa wa hilo duara la Jumamosi usiku. Wazee wanaoumia na ile 72 wangeanza na ada ya huyo.