Nilivyomuua Bibi kwa Leya Saba

Bibi yangu wa Muheza ni mzima. Anakula, anatembea, na bado anagombana na kuku wa jirani. Naanza na hilo ili asitokee mtu wa kunipa pole, maana pole nilizopokea zinatosha kwa misiba mitatu.

Mimi huchora kwenye simu. Programu ya kuchorea ya Procreate inataka iPad, na iPad mimi naiona mikononi mwa watu, kwa hiyo natumia ibisPaint na kalamu ya ncha ya mpira niliyoiokota Kariakoo kwenye meza ya makava ya simu. Inatosha.

Wiki ile nilikuwa nimeshikwa na mchoraji mmoja wa Denmark, Vilhelm Hammershøi, aliyefariki mwaka 1916. Bwana yule alichora vyumba vya nyumba yake mwenyewe pale Copenhagen, tena na tena: ukuta wa kijivu, mlango umeachwa wazi, mkewe Ida kaupa ulimwengu mgongo. Basi. Hakuna kinachotokea. Ila ukitazama unajikuta umeshusha sauti, kama umeingia chumba cha mgonjwa. Nikasema hiki ndicho nikitakacho, na wa kunipa mgongo ninaye.

Jumamosi saa nne usiku nikazima taa ili nipate hisia, nikaanza kuchora chumba cha Bibi. Kitanda cha kamba, chandarua kimefungwa fundo juu, yeye kakaa kwenye kigoda, anaangalia ukuta. Kwenye stuli nikaweka chemli. Na chemli ile nilikaa nayo karibu saa nzima! Kioo nilikipaka masizi upande mmoja, vile kinavyokuwa utambi ukipandishwa sana. Mwanga nikauburuta kutoka kwenye stuli mpaka ukingo wa sufuria iliyoko chini, kistari kimoja chembamba kama uzi. Kile kistari nilikipenda kuliko picha nzima.

Giza ndilo lililonipa kazi. Unafungua leya mpya, yaani tabaka jingine juu ya picha, unaiweka kwenye maltiplai, unapaka. Maltiplai haifuniki rangi ya chini, inaitia giza tu, kama kuongeza pazia juu ya pazia. Wenye akili zao huweka moja, wakizidi sana mbili. Mimi nilifika ya saba na bado naona chumba kinang'aa. Kilichokuwa kinang'aa ni simu. Nilikuwa nimepandisha mwanga wake mpaka mwisho.

Halafu kuna jambo ambalo nililijua siku ya pili, nikiwa nimeshachelewa. Simu yangu ikifika saa tatu usiku hujigeuza kuwa ya manjanomanjano, ati inalinda macho. Nimeizoea kiasi kwamba siioni tena. Basi Bibi akawa anaonekana kama bi harusi aliyetoka kusingwa. Nikampunguzia manjano, nikamwongezea buluu. Bado. Buluu tena. Nikaendelea hivyo mpaka shingo na mikono vikakaa sawasawa, kahawia ya halua, nikaridhika.

La mwisho lilikuwa kanga. Anayo moja aipendayo, nikamtupia begani, na maandishi yake nikayaandika herufi moja moja yasomeke vizuri: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU.

Saa saba usiku nikaiweka status. Chini yake nikaandika, "Lala salama, Bibi yangu." Nikaweka simu kimya, nikalala kama mtoto aliyeshiba.

Niliamka saa mbili asubuhi nikakuta simu sitini na moja ambazo sikupokea. Ya sitini na mbili ilikuwa ya Mama, inaita.

"Shikamoo Mama."

"Usiniamkie! Mama yangu kafa saa ngapi? Na wewe umejuaje kabla yangu mimi niliyezaliwa naye?"

Aliyezaliwa naye! Nilitaka kumsahihisha, nikaona hapana. Nikamwambia Bibi hajafa. Akauliza kama nina uhakika, maana simu ya Bibi haipatikani. Kweli haikupatikana: kitochi chake kilikuwa kimelala dukani, kinachajiwa.

Nikafungua grupu la ukoo. Mjomba alikuwa ameanza na Inna lillahi, akafuatisha orodha ya michango, yeye mwenyewe namba moja, 50,000. Orodha ilikuwa imefika namba kumi na nne. Binamu mmoja ambaye hajawahi kuchangia hata harusi ya dada yake alikuwa ameandika 20,000, na ameshatuma. Shangazi wa Morogoro aliandika kwamba yuko Chalinze, anasubiri basi la Tanga. Katikati ya yote mtu ameiweka picha yangu, na hapo ndipo nilipoiona mchana, simu ikiwa imerudi kwenye rangi zake.

Chumba hakikuwapo. Zile leya saba zilikuwa zimemeza kitanda, chandarua, sufuria na kistari changu. Vilivyobaki ni mwali wa chemli, wa kijani, maandishi ya kanga, na shingo ya Bibi, buluu, kama jodari aliyeshinda kwenye barafu pale Feri.

Nikaandika haraka: "Ndugu zangu, Bibi yu hai. Hiyo ni picha nimechora." Kimya. Kisha Mjomba: "Makato ya kutuma na kutoa atalipa nani?"

Muheza nako mambo yalikuwa yanaenda. Mtoto wa jirani wa Bibi aliiona status alfajiri, akamwamsha mama yake. Yule mama akatoka na kilio, upande mmoja wa kanga kichwani, mwingine unaburuta, akawaamsha wa nyumba ya pili na ya tatu. Walipofika uani walimkuta marehemu anafagia.

"Nani kafa?" Bibi akauliza, na kabla hajajibiwa akaanza kulia na yeye.

Ilichukua muda kumweleza kwamba analiliwa yeye. Walipomwonyesha picha, aliisogeza, akaisogeza tena, ndipo akaazima simu ya jirani akanipigia.

"Mume wangu, umeniua?"

"Samahani Bibi. Nilikuwa nachora hali ya utulivu, ya majonzi kidogo..."

"Majonzi ya nini? Na umeme wangu uko wapi?"

Hapo sikuwa na jibu. Bibi ana umeme mwaka wa sita huu. Ana taa nyeupe inayokausha macho, na televisheni. Chemli ile ipo uvunguni, haina utambi, anahifadhia misumari. Ukweli ni kwamba chumba chake usiku kimewaka kama zahanati, na mgongo hampi mtu ila anayesimama mbele ya tamthilia. Lakini kachore utulivu wa namna hiyo uone kama utamfikia Hammershøi.

Makato nililipa mimi, yote kumi na nne. Binamu yule alirudishiwa chake wa kwanza, alisumbua mno. Shangazi alikataa kugeuza, akasema hawezi kukata nauli ya kwenda msibani akarudi mikono mitupu, akafika Muheza saa tisa alasiri. Kufikia hapo majirani walikuwa wameshaleta mchele kilo kumi na kuni, na sufuria la msikitini lilikuwa uani, limekaa juu ya mafiga. Mchele ulioletwa haurudishwi. Wakapika.

Usiku Bibi akapiga tena, safari hii kwa kitochi chake, kelele za watu na televisheni nyuma yake.

"Nimekula pilau la msiba wangu," akasema. "Wamezidisha chumvi. Nikifa kweli, waambie."